Ukienda kutazama vyombo vya Kashan, chuchumaa

Mara ya kwanza kuviona vyombo vya mng'ao vya Uajemi, nilivimaliza kwa dakika mbili. Ilikuwa British Museum, hapa London, siku ya mvua. Nilikuwa nimesoma kwamba mafundi wa Kashan, mji ulio Iran ya leo, walipaka udongo ukang'aa kama dhahabu. Nilichokikuta kabatini ni sahani na vigae vyenye michoro ya rangi ya kahawia, kama doa la chai ya rangi lililokauka kwenye kitambaa cheupe. Nikajisemea, dhahabu yenyewe ndiyo hii? Nikaenda zangu kunywa kahawa.

Miezi kadhaa baadaye nilipita pale pale, kamba ya kiatu ikafunguka. Nikachuchumaa kuifunga. Nilipoinua macho, kigae kilikuwa kinawaka. Kwanza rangi ya shaba iliyotoka kusuguliwa kwa ndimu na majivu, kisha, niliposogeza kichwa kidogo, ikageuka nyekundu. Nikasimama, kikazima. Nikachuchumaa tena. Mlinzi akanitazama, akatabasamu. Nadhani sikuwa wa kwanza.

Kwa hiyo, ukienda, usisimame wima kama uko kwenye foleni ya benki. Inama, sogea kushoto, sogea kulia, tafuta mahali taa inapopiga chombo na kurudi jichoni mwako. Na usihukumu kwa picha za mtandaoni. Mpiga picha husimama mbele na kuzuia mwako wa taa, kinachobaki ni lile doa la chai.

Ukijua kazi ilivyofanyika utavumilia zaidi. Tunayo maelezo ya Abu'l-Qasim, mtoto wa ukoo wa Abu Tahir, wafinyanzi wa Kashan kwa vizazi. Yeye mwenyewe aliishia kuwa mwandishi wa historia katika utawala wa Wamongolia, lakini mwaka 1301 aliandika siri za nyumbani kwao. Chombo chenyewe hakikuwa udongo mtupu: sehemu kumi za mawe meupe yaliyosagwa, sehemu moja ya kioo kilichosagwa, sehemu moja ya udongo mweupe. Kikavikwa utando mweupe wa kioo, kikachomwa. Hapo sahani imekamilika, ungeweza kulia wali. Fundi wa mng'ao ndipo anapoanza: anachanganya fedha na shaba zilizounguzwa, anazilainisha kwa siki au maji ya zabibu, anachora juu ya ule utando, kisha anarudisha chombo tanurini kwa moto mdogo wenye moshi. Abu'l-Qasim anataja siku tatu, usiku na mchana. Moshi unanyang'anya oksijeni, fedha na shaba zinarudi kuwa metali, chembe ndogo mno zilizojificha ndani ya kioo. Chombo kikitoka kinasuguliwa kwa udongo wenye maji mpaka mng'ao utokeze. Dhahabu haimo hata chembe.

Aliyewahi kupikia kuni mbichi anajua moshi hauamrishwi. Ndiyo maana napenda kutafuta mahali mng'ao ulipofifia, upande mmoja wa sahani umekolea na mwingine umepauka. Wengine huona ni kasoro. Mimi naona pale moto ulipomzidi fundi ujanja.

Ukishauona mng'ao, sogeza pua karibu na kioo cha kabati. Kwenye nguo za watu waliochorwa utaona mizunguko midogo midogo kama konokono. Haikuchorwa kwa brashi. Fundi alipaka rangi, kisha akaikwaruza kwa ncha kali ili weupe wa chini uonekane. Nyuso ni za mviringo, macho membamba, ule uso wa mwezi mpevu ambao hata washairi wetu hawajauchoka. Duara kuzunguka kichwa lisikudanganye, huyo si lazima awe mtakatifu. Mara nyingi ni mtu tu amekaa bustanini.

Nami nimewahi kuliwa. Muuzaji mmoja wa vitu vya kale aliniuzia kipande cha kigae kwa paundi 60, eti cha Kashan. Nyumbani nikakigeuza huku na huku: kinang'aa vile vile kila upande, kama karatasi ya peremende. Nikakwaruza kwa ukucha, dhahabu ikabaki ukuchani. Nilicheka siku ya pili, siku ile sikucheka.

Lakini hata kingekuwa cha kweli, sasa ningeuliza kimetoka wapi. Kaburi la Imamzada Yahya, yaani Yahya mzao wa maimamu, huko Varamin, kusini ya Tehran, lilipambwa kwa vigae vya nyota na misalaba vya mwaka 1262, maua katikati na aya za Qur'ani pembezoni. Karne ya 19 vikabanduliwa. Leo vimetawanyika katika makumbusho ya nchi nyingi, na mihrabu yake ya mwaka 1265, yenye kimo cha karibu mita 4, iko Honolulu. Tajiri wa Marekani, Doris Duke, aliinunua mwaka 1940. Kwa mtu aliyekulia karibu na Kunduchi habari hii si ngeni. Makaburi yetu ya nguzo yalipachikwa bakuli za Kichina, na nyingi zimeng'olewa, yamebaki mashimo ya duara. Kwa hiyo nikifika mbele ya nyota ya Varamin husoma maandishi ya pembezoni kwanza, niyasome kama yalivyokusudiwa, ndipo nichuchumae.

Mwaka jana mama mdogo alikuja kunitembelea. Nikampeleka, nikamwambia ainame. "Mwanangu, magoti haya?" Nikamtafutia kiti. Akakaa, akatazama, akajivuta kushoto, akajivuta kulia, mtandio ukamwanguka begani asiuokote.

"Aliyeosha hiki," akasema, "alikuwa hasugui kwa mchanga."