Kwa mnaopangiwa kuripoti michezo ya barafu: mfuateni mchezaji mmoja kwanza

Kila Olimpiki ya majira ya baridi ikikaribia, mhariri humtafuta kijana wa dawati la michezo na kumwambia, "Wewe utashika barafu." Kijana mwenyewe hajui barafu nyingine zaidi ya ile ya friji. Ikiwa safari hii umeangukiwa wewe, usijaribu kumeza mchezo mzima kwa wiki moja. Chagua mchezaji mmoja, fuata safari yake tangu alipoanza kutajwa, na karatasi zake za alama ziwe mezani kwako. Mimi wageni huwapa Jin Boyang wa China, mchezaji wa kuteleza kwa mitindo na miruko (figure skating).

Jina kwanza, maana hapo ndipo wengi huchapia. Jin ndilo la ukoo, Boyang ndilo alilopewa. Karatasi za shirikisho la kimataifa la kuteleza kwenye barafu, ISU, huligeuza na kuandika Boyang JIN, hivyo ukiona herufi kubwa ujue ndilo la kutumia unapomtaja mara ya pili. Alizaliwa Oktoba 1997 huko Harbin, kaskazini-mashariki mwa China, mji wa baridi kali uliowatoa pia Shen Xue na Zhao Hongbo, mabingwa wa Olimpiki wa 2010, na Sui Wenjing na Han Cong, mabingwa wa 2022. Hao wote ni wa mchezo wa wawili wawili, mwanamume na mwanamke. Kwa wanaume wanaocheza peke yao China haikuwa na medali ya dunia mpaka Jin alipotwaa shaba Boston mwaka 2016, akiwa na miaka 18. Mwaka uliofuata akairudia Helsinki.

Sasa twende Taipei, Februari 2016, Mashindano ya Mabara Manne, yale ya nchi zisizo za Ulaya. Hapa ndipo pa kukaa. Katika programu yake ndefu, ya pili kati ya mbili za kila mchezaji, Jin alitua mara nne kutoka kwenye miruko ya mizunguko minne hewani, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya katika programu moja. Patrick Chan wa Kanada alikuwa na miwili tu. Chan akashinda: 290.21 kwa 289.83. Mwandishi mgeni ataona hapo dhuluma. Fungua karatasi. Safu ya juu ni ya vitendo: kila mruko na kila mzunguko wa papo hapo barafuni una thamani yake, kisha majaji wanaongeza au kupunguza kwa ubora. Safu ya chini ni ya mchezo wenyewe: jinsi mtu anavyoteleza, anavyounganisha hatua, anavyousikia muziki. Jin alivuna juu, Chan akavuna chini. Dhuluma haipo, ila hesabu ipo, na ukiieleza vizuri msomaji atakuelewa hata kama hajawahi kuona uwanja wa barafu.

Hesabu nayo hubadilika, na kanuni ikibadilika hubadilisha maisha ya mchezaji. Silaha ya Jin ilikuwa Lutz, aina moja ya mruko, ya mizunguko minne. Hadi msimu wa 2017/18 thamani yake ilikuwa 13.6. Ukianguka, majaji walikata alama 4, na anguko lenyewe likakata 1, ukabaki na 8.6. Lutz safi ya mizunguko mitatu ilikuwa 6. Yaani kuanguka kwenye ule mkubwa kulilipa kuliko kutua vizuri kwenye mdogo! Mwaka 2018 ISU ikashusha thamani hadi 11.5, na anguko likawa linakula nusu ya mruko. Piga hesabu: 5.75, toa 1, unabaki na 4.75. Ule wa mizunguko mitatu ukawa 5.9. Kijana aliyelelewa kwenye kanuni ya kwanza akawa anaulizwa swali jingine kabisa kila alipoingia uwanjani.

Ukiisha kujua hayo, hutaandika kirahisi kwamba "ameporomoka." Angalia msimu wake wa 2017/18. Desemba alijitoa kwenye fainali ya Grand Prix, mfululizo wa mashindano ya msimu, kwa sababu ya vifundo vya miguu. Januari akarudi Taipei ileile na kutwaa dhahabu ya Mabara Manne. Februari akawa wa nne kwenye Olimpiki ya Pyeongchang kwa alama 297.77, akimzidi Nathan Chen wa Marekani kwa 0.42. Machi, Milan, akawa wa 19 kwenye mashindano ya dunia. Yote hayo kabla kanuni mpya haijaanza. Sentensi moja ya jumla haiwezi kuubeba msimu kama huo, kwa hiyo usiilazimishe. Olimpiki ya Beijing 2022, mbele ya watu wa nyumbani, alimaliza wa tisa.

Beijing hiyohiyo iliacha somo jingine. Zhu Yi, msichana wa miaka 19 aliyezaliwa Marekani na kuchezea China, alianguka katika mashindano ya timu, na mitandao ya China ikamshukia kwa matusi. Usijaze habari yako kwa matusi ya watu kisha ukaiita "maoni ya mashabiki." Eleza mruko ulioharibika na umeigharimu timu alama ngapi. Inatosha.

Mwisho, jifunze kuutambua mruko mmoja kwa macho. Anza na Lutz, ndiyo rahisi kuikamata: mchezaji hurudi kinyumenyume kwa mkunjo mrefu kuelekea kona, kisha hunyoosha mguu nyuma na kuchoma barafu kwa ncha ya kiatu. Usiangalie mikono. Angalia chuma cha mguu mwingine, ule unaobeba uzito. Kinapaswa kulalia ukingo wa nje mpaka anaponyanyuka. Kikipinduka kuelekea ndani dakika ya mwisho, jopo la ufundi litaweka alama ya "e" au mshangao pembeni ya mruko huo kwenye karatasi. Rudia video polepole, andika unachodhani wameandika, halafu linganisha. Ukianza kupatia mara nyingi kuliko unavyokosea, mwambie mhariri uko tayari kukaa mbele ya maikrofoni.