Stelingi asiyejulikana kubeba muvi? Mie niliuza muvi Kongowea, hebu niwaambie

Mwenye uzi auliza kama mhusika wa vitabu vya katuni ambaye hajulikani na mtu aweza kubeba muvi ikauza, ama kila mwaka lazima turudishiwe Batman na Spider-Man. Wengi hapo juu mshasema haiwezekani. Mie nasema yawezekana, na sisemi kwa kuwa nimevisoma hivyo vitabu, wallahi sijapata kukishika hata kimoja, katuni yangu ya utotoni ilikuwa Juha Kalulu kwenye Taifa Leo basi. Nasema kwa sababu nilikuwa na duka la muvi pale Kongowea karibu miaka minane kabla Wi-Fi haijatumaliza, zile CD za hamsini hamsini (ndio zilezile, msianze).

Kwanza mfahamu kitu kimoja, huku kwetu wote walikuwa hawajulikani. Huyo Iron Man mnayemwona mkubwa, ilipotoka muvi yake 2008 wateja wangu walikuwa hawamjui, na hata huko Marekani hakuwa wa daraja la Spider-Man, ila Marvel, wenye vitabu vyake, walikuwa washauza haki za Spider-Man kwa Sony na X-Men kwa Fox wakabaki na hao hao waliobaki ghalani. Ikaingiza dola milioni 585 hivi. Leo hata mtoto wa madrasa Mji wa Kale akutajia Tony Stark, jina lake halisi huyo Iron Man.

Nikirudi nyuma zaidi, kuna Blade. Tuliiona kwenye kibanda cha vidio Majengo, tumebanana kwenye mabenchi jasho latutoka, na hakuna hata mmoja aliyejua kuwa Blade ametoka kwenye kitabu, sisi tulijua ni muvi ya Wesley Snipes, sawa na kusema muvi ya Van Damme. Kumbe jamaa alizaliwa 1973 kama mtu wa pembeni kwenye katuni za Dracula huko! Muvi ya 1998, bajeti milioni 45, ikarudisha milioni 131, na hapo Marvel walikuwa wametoka kufilisika mwisho wa 1996. Watu husema X-Men ya 2000 ndo ilofungua njia, mie nasema njia ilifunguliwa na huyo muuaji wa wanyonya damu ambaye hamkuwa mkimjua.

Sasa dukani nilijifunza kipimo changu mwenyewe. Mteja hakuwa akikumbuka jina la muvi, alikuwa akija ananielezea kwa mikono. "Nipe ile ya jamaa wa uso wa kijani" (hiyo ni The Mask ya Jim Carrey ya 1994, nayo pia imetoka kwenye katuni na wengi hamjui). "Nipe ile ya weusi wa suti na miwani wanaoshika majini wa angani", hiyo ni Men in Black, pia katuni, tena ya kikampuni kidogo kabisa. Halafu 2014 ikaja Guardians of the Galaxy, na mie nilipoona kava nikasema hii itanidodea, mti na mnyama kama fungo mwenye bunduki, nani atanunua? Nikachoma kumi tu. Jumamosi ile ile zikaisha, na Jumapili watu waja waniuliza, "ile ya mti unaosema neno moja iko?" Yule mti, Groot, alianza 1960 kama dubwana baya tu, na yule fungo ni wa 1976, hata wasomaji wengi wa vitabu walikuwa hawawakumbuki. Ikaingiza zaidi ya milioni 770. Linganisheni na Justice League ya 2017, Batman na Superman na Wonder Woman wote ndani ya muvi moja na haikufika 700. Fungo kawapiku!

Kwa hivyo kipimo ni hicho, mtu ambaye hajui lolote akishaiona muvi, kesho yake aweza kumuelezea mwenzake kwa maneno matatu? Kama aweza, imeuza. Madame Web ya 2024 hebu mnielezee kwa maneno matatu. Hamuwezi. Ilipata kama milioni mia, na Kraven mwaka huohuo ikapata sitini na kitu. Na msiniambie ni kwa sababu hawajulikani, kwani Kraven ni adui wa zamani wa Spider-Man, tatizo ni kuwa studio ilichukua jirani ikataka tumpende bila mwenye nyumba. Kisha Venom ya 2018 ambayo pia haina Spider-Man ikapiga milioni 850 na ushei, kwa nini? "Jamaa ana jini ndani anagombana nalo." Yakhe, hiyo Mombasa haihitaji hata trela.

Lakini nisiwadanganye, asiyejulikana ana hasara yake na iko kwenye pesa. Jina kubwa lawaleta watu siku ya kwanza kabla hawajajua muvi ni nzuri ama mbaya, huyu mgeni angoja watu waambiane, na bajeti ikiwa kubwa muda wa kungoja hauna. Blue Beetle ya 2023 mie niliipenda, ile familia yake na yule nyanya ni kama ukoo wetu kabisa, na bado ilipata kama milioni 130 kwa bajeti inayozidi mia, hiyo ni hasara. Deadpool nayo walimpa milioni 58 tu, akarudi na zaidi ya 780. Ningekuwa mwenye studio hao wageni ningewapa pesa kidogo na mwandishi mzuri, wasinipigie mahesabu ya muvi tano za mbele wakati ya kwanza haijatoka.

Kuna mzee mmoja wa mkokoteni alikuwa mteja wangu, alinunua ile ya mti mara tatu maana CD zilikuwa zikikwaruzika wajukuu wakizichezea. Duka nishafunga zamani, lakini tukikutana sokoni hata salamu hamalizi, aniuliza, "kijana, ule mti umefika wapi?" Jina la Groot hajui mpaka leo.