Presha ilishuka, nikaacha vidonge

Niliacha kumeza enalapril, vidonge vyangu vya presha, mwezi wa tatu tangu niandikiwe. Presha ilikuwa imeshuka mpaka 124 kwa 80, nikajiona nimepona, na ile hela ya dawa nikanunulia samadi ya shamba langu la zabibu kule Hombolo.

Kilichonirudisha hospitali ni povu. Kila asubuhi mkojo ulikuwa unaumuka kama maji ya sabuni ya unga, na hata nikisubiri povu lenyewe halikatiki. Povu peke yake si ushahidi, maana mkojo ukitoka kwa kasi nao hutoa povu. Kapime. Ni kijiti tu kinachovywa kwenye kopo. Changu kilisoma protini plasi mbili.

Daktari alikuwa binti mdogo, sawa na mwanangu wa pili. "Baba, hii dawa hukuandikiwa kwa ajili ya presha peke yake," akaniambia, kisha akachora figo nyuma ya kadi yangu. Mwilini kuna kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za kemikali, kinaitwa ACE. Chenyewe ndicho kinachotengeneza anjiotensini ya pili, ambayo hukaza mishipa, na ndani ya figo huongeza msukumo kwenye vichujio hadi protini zinavuja. Kina ndugu yake, ACE2, aliyegunduliwa mwaka 2000, na kwenye figo yumo kwa wingi. Huyu huikata ile anjiotensini ya pili ikawa kitu kinacholegeza mishipa. Panya wa maabara wenye kisukari wakiondolewa ACE2, figo zao huharibika zaidi. Sasa enalapril humfunga mikono yule mkazaji, na huyu mlinzi haimgusi.

Kumbe mimi niliposherehekea namba za mashine ya presha, nilikuwa nimemwachia mlinzi kazi yote peke yake.

Nikarudia dawa. Kikohozi kikavu kikanianza, zaidi usiku, mpaka mke wangu akahamia chumba cha watoto. Safari hii sikuacha kimyakimya. Nilikwenda nikasema, nikabadilishiwa losartan, ambayo yenyewe huizuia anjiotensini ya pili isifanye kazi, na kikohozi kikaisha. Wiki mbili baadaye nikapimwa damu: kreatinini, uchafu ambao figo huuchuja, na potasiamu, chumvi ambayo dawa hizi zaweza kuipandisha. Kreatinini ikipanda kidogo mwanzoni usitaharuki, daktari ndiye ataamua kama imezidi. Mwanamke mjamzito, au anayetarajia, aseme mapema, kwa sababu dawa hizi humdhuru mtoto tumboni.

Diklofenaki, ile dawa ya maumivu, nimeiaga kwa sababu huumiza figo, ingawa mgongo wa mkulima unaidai. Na ukiharisha au kutapika, hasa kwenye joto letu la Oktoba na Novemba, mpigie daktari, huenda akakusimamishia vidonge siku chache.

Jamaa mmoja alinijia na unga wa mizizi "unaoamsha vimeng'enya vya figo", shilingi 30,000 chupa. Kaka yangu, kidonge cha ACE2 hakiuzwi duka lolote la dawa, si hapa si Ulaya. Chupa nilimrudishia.

Najua Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma inapandikiza figo tangu 2018, na ni jambo la kushukuru, ila foleni ile sitaki kuijua.

Kipimo cha mwezi uliopita: protini plasi moja, presha 128 kwa 80. Losartan inakaa juu ya friji, kando ya mkasi wa kupogolea mizabibu, nisipate kisingizio cha kuisahau.