Kaka yangu ni zimamoto wa kujitolea Texas, jimbo linamsaidia nini?

SWALI: Habari za kazi hapo dawatini. Kaka yangu anaishi Texas, huko mashambani kabisa, na amejiunga na kikosi cha zimamoto cha kujitolea. Halipwi hata senti, na kila nikiongea naye wanapika chakula cha kuuza ili wapate hela ya matairi ya gari la maji. Nchi tajiri vile, mbona serikali ya jimbo haiwalipii? Nina wasiwasi naye sana.
*Dada mtu*

JIBU: Pole dada, na wasiwasi wako una msingi. Jimbo linatoa hela, ila zina foleni, na moto haujui foleni.

Kaka yako hayuko peke yake. Takwimu za NFPA, shirika la Marekani la kujikinga na moto, za mwaka 2020 zinaonyesha wazimamoto kama 676,900 wa Marekani ni wa kujitolea, yaani karibu 65% ya wote, na idadi yao imeshuka sana maana mwaka 1984 walikuwa karibu laki tisa. Vijijini wao ndo wanaofika kwanza, mara nyingi ndo wanaofika peke yao.

Texas ilianzisha mpango wa kusaidia vikosi hivi mwaka 2001, unasimamiwa na Texas A&M Forest Service, yaani idara ya misitu ya jimbo, na hela zake zinachangwa na makampuni ya bima. Kikosi kinaomba gari, vifaa, mavazi au mafunzo, kikipewa ruzuku mara nyingi kinatakiwa kuongezea kiasi chake, na hapo ndo hayo mauzo ya chakula yanapoingia. Shida ni wanasiasa. Bajeti ilipobana mwaka 2011, mfuko uliokuwa wa dola milioni 30 kwa mwaka ulikatwa zaidi ya nusu, makato yakaanza Septemba 1, na Septemba 4 moto wa Bastrop, humo humo Texas, ukawaka ukateketeza nyumba zaidi ya 1,600. Sisemi makato ndo yaliwasha moto, ulikuwa mwaka wa ukame mbaya sana, ila huwezi kumnyang'anya mtu ndoo kiangazi alafu ushangae.

Alafu Februari 2024 ukaja moto wa Smokehouse Creek kule Panhandle, kaskazini mwa Texas, zaidi ya ekari milioni moja, mkubwa kuliko yote katika historia ya Texas. Baada ya hapo ndo bunge la jimbo mwaka 2025 likapitisha karibu dola milioni 190 kupunguza maombi yaliyorundikana. Nimefurahi kwa hilo, kweli kabisa, lakini hela ya aina hiyo inatakiwa kuja kila mwaka kabla ya moto, sio baada ya watu kupoteza nyumba na ng'ombe.

Kwa kaka yako mwenyewe, muulize anavaa nini akienda kwenye moto wa nyasi. Yale makoti mazito ni ya moto wa nyumba, ukikimbia nayo porini masaa mengi joto la mwili linapanda na linaweza kukuangusha kabla moto haujakufikia, moto wa nyika una mavazi yake mepesi yasiyoshika moto na jimbo linasaidia kuyanunua.

SWALI LA PILI: Na serikali kuu ya Washington je, haichangii?

JIBU: Inachangia. Kuna ruzuku za Volunteer Fire Assistance, yaani msaada kwa zimamoto wa kujitolea, kwa jamii zenye watu 10,000 au pungufu, zinapitia idara za misitu za majimbo, na kikosi kinatakiwa kutoa nusu. Moto ukiwa mkubwa sana FEMA, shirika la serikali kuu la maafa, inaweza kulipa 75% ya gharama zinazokubalika, ila hiyo ni ya kuzima, sio ya kununua gari jipya.

Dada, kuna jambo moja usiliache. Texas ina msaada wa kulipia bima kwa vikosi vya kujitolea vya vijijini, ya kuumia kazini na ya maisha. Mwambie kaka amuulize mkuu wa kikosi chake kama wameomba, na kama bado waombe wiki hii hii kabla ya upepo wa kiangazi.