Hela ya vitabu ipo, ya kututumia haipo?

Hilo ndilo swali la mdogo wangu kwenye kundi la ukoo, baada ya kuona picha ya mwanangu na vitabu vya ngoma za Wamarekani weusi. Akaongeza: "Kwani dada, sisi Wagogo hatuna ngoma?"

Hela kwanza. Sinunui hata kimoja, naazima maktaba, hapa Columbus, Marekani, ni bure. Kinachonimaliza ni kodi ya nyumba na gari.

Sasa ngoma. Nilipofika huku, Waafrika wenzangu waliniambia nikae mbali na weusi wa hapa, nami nikakubali kama mjinga. Miaka mitatu bibi wa nyumba ya chini namsalimia kwa kichwa tu. Kisha mtoto akaja na kitabu cha Bill Robinson, mzaliwa wa Richmond, Virginia, mwaka 1878, aliyesifika kwa kucheza akipanda na kushuka ngazi na viatu vyake vya kugonga. Viatu hivyo sisi tutavitoa wapi? Mwanangu kagandisha vizibo vya soda chini ya raba zake, akazivamia ngazi zetu Jumapili saa moja asubuhi, mimi ndiyo nimetoka shifti ya usiku.

Bibi akagonga mlango. Alifoka kwanza, na haki yake. Halafu akaviona vile vizibo, akacheka, akaketi kwenye ngazi na kuanza kujipiga mapaja na kifua kwa viganja, pa-ta-pa, pa-ta-pa. Babu yake ndiye aliyemfundisha. Huku wanaiita hambone, zamani iliitwa juba. South Carolina, watumwa walipoasi mwaka 1739, mwaka uliofuata sheria ikawakataza kupiga ngoma. Miguu na mapaja yakashika kazi.

Mimi nikamwona mama na muheme wake, ile ngoma ya wanawake wa Kigogo, katikati ya mapaja, na kanga imekazwa kiunoni.

Siku hizi tunasoma watatu. Nafasiri papo hapo, na mtoto hanipi nafasi: "Mama, ngoma hii ya kupiga au ya kucheza?"

Kwa hiyo, mdogo wangu, mrekodi mama akipiga muheme unitumie. Bibi ameshauliza mara mbili. Hela ya bando hiyo nakutumia leo.