Maswali na Majibu: Klipu za Plastiki za Ndani ya Gari

Nina Toyota Corolla ya mwaka 1998. Kila nikifungua kava la mlango, klipu zinazolishika kwenye bati la mlango hukatika. Nakosea wapi? (Msomaji, Chumbageni, Tanga)

Huenda hukosei, ndugu yangu. Plastiki iliyokaa zaidi ya miaka 20 ndani ya gari linaloegeshwa juani hukauka, ikawa inakatika shingoni hata ikivutwa taratibu, na kwa sababu hiyo ni vyema ununue klipu mpya kabla hujafungua mlango. Toa kwanza skrubu zote, zikiwemo zilizofichwa nyuma ya kishikio, kisha ingiza kabari ya plastiki karibu kabisa na klipu. Ukivuta kava kwa pembeni, nguvu yote huliendea kava lenyewe na tundu lake hupasuka, na hasara hiyo ni kubwa kuliko ya klipu. Bisibisi bapa iliyozungushiwa tepu ya umeme inaweza kutumika badala ya kabari. Nakusihi pia usiichane karatasi ya nailoni iliyobandikwa nyuma ya kava, kwa kuwa ndiyo inayozuia maji ya mvua yanayopenya kando ya kioo yasiingie ndani ya gari.

Dukani nimeulizwa saizi. Nipime nini? (Msomaji, Ngamiani)

Pima kipenyo cha tundu kwenye bati, si klipu ya zamani, ambayo imekwisha kubonyea. Tofauti ya milimita moja inatosha kuharibu kazi: kwenye tundu la milimita 8, klipu ya 7 italegea na kava litagongagonga barabarani. Pima vilevile tundu la kava na unene wa vitu vyote vinavyobanwa pamoja, kisha uende dukani na klipu moja nzima ya kulinganishia kichwa.

Ribiti, yaani zile klipu zenye pini katikati, hufunguliwaje? (Msomaji, Muheza)

Tazama kichwa chake. Pini yenye mkato wa kuingizia bisibisi pembeni huinuliwa. Ile iliyolala sawa na kichwa, bila mkato, kwa kawaida husukumwa ndani kidogo tu mpaka iachie, kwa maana ukiizamisha sana huangukia ndani na kupotea. Wakati wa kuirudisha, isukume pini kutoka nyuma hadi ichomoze, ingiza ribiti tunduni, ndipo uibonyeze pini iwe sawa na kichwa.

Fundi anataka kuweka skrubu za chuma badala ya klipu. Nikubali? (Msomaji, Raskazone)

Usikubali. Hewa ya chumvi ya pwani yetu huzitia kutu mapema, na ncha ya skrubu ndefu inaweza kutoboa waya au kukwaruza kioo kinaposhuka. Hatari kubwa zaidi iko kwenye nguzo (mihimili ya pembeni inayoshika paa) za gari lenye mifuko ya hewa ya pembeni, kwa sababu kava la nguzo limeundwa kuupisha mfuko unapofumka. Hapo weka klipu ya aina ileile iliyotoka na gari. Kabla ya kugusa sehemu hizo, fundi azime swichi, atenganishe waya hasi wa betri na asubiri angalau sekunde 90, kama miongozo ya Toyota inavyoelekeza.

Je, gundi? (Msomaji, Pangani)

Hapana. Siku kioo kitakapogoma, kava lililogundishwa halitatoka zima.