Kazi ya data Kampala: benki, kampuni ya simu, shirika au kampuni ya mikopo?

Ndugu, umeuliza mtu aanzie wapi kazi ya data hapa Kampala. Cheo huwa kimoja, kazi si moja.

Kampuni ya simu ina data tele na siku nzima utashinda kwenye SQL, lugha ya kuchota data kwenye hifadhidata. Ukitabiri miamala ya pesa za simu, tia alama Julai 2018, kodi ya asilimia 1 ilipoanza (baadaye ikawa 0.5, kwa kutoa pesa tu), na Januari 2021, intaneti ilipozimwa wakati wa uchaguzi. Usipoiambia modeli (programu inayojifunza kutabiri kutokana na data) hayo, itadhani wateja walibadilika wenyewe.

Benki ni subira: ruhusa ya kugusa data huchukua muda, na kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ni haki iwe hivyo.

Kwenye mashirika utakutana na fomu za ODK au KoboToolbox (programu za kukusanya data kwa simu) na ripoti za mfadhili. Kinachosumbua ni wilaya. Julai 2020 Mbarara, Gulu, Arua na miji mingine ilipandishwa kuwa majiji na kutengwa na wilaya zake, hivyo "Mbarara" ya 2019 si ile ya 2021. Rudisha zote kwenye mipaka ya zamani ndipo ulinganishe miaka.

Anayeanza ningemshauri kampuni ya mikopo, maana kosa huonekana mapema. Kwanza kubalianeni mkopo mbaya ni upi: uliochelewa siku 30 au 90? Kisha ondoa mikopo isiyofikisha umri huo. Mkopo uliotolewa wiki mbili zilizopita haujapata hata muda wa kuharibika; ukiuacha, modeli itauhesabu mzuri. Kumbuka pia kwamba walionyimwa mkopo hawamo kabisa kwenye data ya malipo. Ukiambiwa modeli ina usahihi wa asilimia 96, uliza wasiolipa ni wangapi. Kama ni 4 kwa 100, hata modeli inayosema "wote watalipa" hupata 96. Tazama imewanasa wangapi kati ya hao 4.

Namba za simu zitakusumbua popote: moja inaanza na 0, nyingine 256, nyingine Excel imeshakula sifuri. Hifadhi safu hiyo kama maandishi, chukua tarakimu 9 za mwisho, ndipo uunganishe majedwali.

Kwenye usaili, uliza modeli yao ya mwisho inatumiwa na nani leo. Wakikosa jibu, kazi yako itakuwa dashibodi, yaani kurasa za chati na takwimu. Ni kazi halali, ila ijue kabla ya kusaini mkataba.